Suptavumab: dawa iliyofaulu nusu, ikafeli yote

Tuanze na namba tatu: 8.1, 7.7 na 9.3. Hizi ni asilimia za watoto njiti waliougua kwa kirusi kiitwacho RSV hadi kufikishwa kwa daktari, katika makundi matatu ya jaribio moja kubwa la dawa. Kundi la kwanza lilichomwa sindano isiyo na dawa. La pili lilichomwa dawa mara moja, na la tatu mara mbili. Hata asiyejua takwimu anaona kwamba hapa dawa haikusaidia kitu: waliopata dozi nyingi zaidi ndio walioongoza kwa kuugua, na tofauti yenyewe ni ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu.

Dawa hiyo iliitwa suptavumab. Agosti 2017 Regeneron, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, ilitangaza kwamba jaribio halikufikia lengo lake na kwamba inaachana nayo. Habari za namna hii hukaa siku mbili tatu kwenye kurasa za biashara, kisha watu wanasahau. Mimi nimeirudia kwa sababu ukiifungua ndani unakuta kwamba dawa ilifanya kazi. Ilizuia virusi vya aina moja, ikapitwa kabisa na vya aina nyingine, na zile namba tatu za juu ni ndoo iliyochanganywa maji ya moto na ya baridi: ukitia mkono unasikia uvuguvugu, ukadhani moto haukuwashwa.

Kirusi ambacho sote tumekipata

RSV ni kirusi cha njia ya hewa. Karibu kila mtoto anakuwa amekwisha kukipata akitimiza miaka miwili, na kwa wengi wetu kilikuja kama mafua ya wiki moja na kikaenda zake. Shida iko kwa wachanga. Aliyewahi kulala na mtoto wodini anaijua sura yake hata kama hajui jina. Mtoto wa miezi miwili, pua zinatanuka kila anapovuta hewa. Ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani. Ananyonya mara mbili tatu, anaachia ziwa, analia kidogo, anashika tena, anaachia, kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Mama anasema kifua kinambana. Kwenye faili wanaandika bronkiolaiti au nimonia, na kazi inabaki kumpa oksijeni, kumsafisha pua, kumlisha kwa mrija na kusubiri.

Kwa makadirio ya mwaka 2019, RSV ilileta takriban visa milioni 33 vya ugonjwa wa mapafu kwa watoto walio chini ya miaka mitano duniani, waliolazwa wakafika milioni 3.6, na vifo zaidi ya 100,000. Katika vifo hivyo, zaidi ya 97 kwa kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu.

Mtoto njiti yuko pabaya zaidi kwa sababu mbili. Mapafu yake hayajakomaa. Hilo kila mtu analielewa. La pili ni akiba. Kingamwili za mama, yaani protini zinazokamata vijidudu, hupita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na sehemu kubwa hupita katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Anayezaliwa wiki ya 30 ni jahazi lililong'oa nanga shehena ingali gatini.

Kwa nini basi asichanjwe? Swali hili lina kovu. Mwaka 1966, Marekani, watoto walipewa chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kukiua kirusi kwa fomalini. Msimu ulipofika, waliochanjwa waliugua vibaya kuliko wasiochanjwa. Katika kundi moja, asilimia 80 ya waliochanjwa kisha wakaambukizwa ilibidi walazwe, na wawili wakafariki. Tangu siku hizo, mtu yeyote anayeleta kitu cha kuzuia RSV kwa wachanga anaulizwa kwanza kama kitu chake kinaweza kuuzidisha ugonjwa. Lishike hilo, tutalirudia.

Njia nyingine ni kumpa mtoto kingamwili zilizokwisha kutengenezwa maabara. Mwili haufundishwi kitu; ni kama kumwazima mtu mwavuli, mvua ikidumu kuliko muda wa kuazima, analowa. Mwavuli wa kwanza wa aina hii uliofanikiwa ni palivizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Katika jaribio lake la watoto 1502, waliolazwa kwa RSV walishuka kutoka asilimia 10.6 hadi 4.8. Si haba. Lakini ilichomwa kila mwezi, mara tano kwa msimu, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipunguza orodha ya wanaostahili, kikabakiza hasa waliozaliwa kabla ya wiki ya 29 na wenye maradhi fulani ya moyo au mapafu. Njiti waliozaliwa wiki ya 30, ya 32, ya 34, kama hawakuwa na tatizo jingine, wakabaki bila mwavuli. Pengo hilo ndilo suptavumab ilikuja kuliziba.

Karafuu kabla haijachanua

Ili uelewe ilivyofeli, inabidi ujue ilivyokusudiwa kufanya kazi.

Juu ya ngozi ya kirusi cha RSV kuna protini iitwayo F. Kazi yake ni kukiunganisha kirusi na seli ya mtoto ili kiingie. Protini hii ina maumbo mawili. Kabla ya kazi imejikunja, ina kichwa, kama karafuu changa kikonyoni. Ikishafyatuka inanyooka na kuwa ndefu, na hapo haina njia ya kurudi. Aliyekulia Pemba anajua kwamba karafuu huchumwa kabla haijachanua. Ikishachanua thamani imekwisha. Na kwa F ni hivyo hivyo: kingamwili kali kuliko zote ni zile zinazoikamata ingali imefumba. Hilo lilikuja kuonekana wazi mwaka 2013, wanasayansi wa Marekani walipofaulu kuipiga picha F katika umbo lake la kwanza, chembe kwa chembe. Palivizumab ilikuwa inashika mahali panapopatikana kwenye maumbo yote mawili. Dawa mpya zikaanza kulenga kile kichwa kilichofumba.

Suptavumab ilikuwa mojawapo. Ililenga sehemu ambayo wataalamu huiita eneo la tano, chini kidogo ya kilele. Huko maabara dawa ilikuwa na nguvu nyingi kuliko palivizumab, na ndiyo maana wenyewe waliona sindano moja au mbili zingetosha pale ambapo palivizumab ilihitaji tano.

Na hapa kulikuwa na dhana moja ambayo nadhani hata mimi ningeikubali bila kuuliza. RSV ina makundi mawili, A na B, ambayo huzunguka pamoja, mwaka huu hili likitamba, mwaka mwingine lile. Yanatofautiana zaidi kwenye protini nyingine iitwayo G. Protini F inafanana sana kati ya A na B, na ilijulikana kuwa haibadiliki ovyo. Kwa hiyo miaka mingi watafiti waliofuatilia mienendo ya RSV walikuwa wakisoma kipande cha G, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha koo na matawi. F ilionekana mwamba. Anayejenga juu ya mwamba haendi kuupima kila asubuhi.

Makundi matatu

Jaribio lenyewe lilifanyika kati ya 2015 na 2017, awamu ya tatu, yaani ile ya mwisho kabla ya kuomba idhini, watoto 1154 kutoka nchi kadhaa. Wote walizaliwa wiki ya 35 au kabla yake, na walikuwa hawajazidi miezi sita. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika yale makundi matatu. Dozi ilikuwa miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwenye msuli, na waliopangiwa dozi mbili walipata ya pili wiki nane baadaye. Kila mtoto alifuatiliwa hadi siku ya 150. Akikohoa na kupelekwa kliniki au hospitali, alichukuliwa majimaji ya pua na kupimwa RSV. Kilichohesabiwa ni mtoto aliyelazwa kwa RSV, au aliyetibiwa bila kulazwa lakini ugonjwa ukiwa umeshuka hadi mapafuni.

Watu wengi wakisoma habari za majaribio hukwama kwenye ile sindano tupu. Mtoto njiti unamchoma maji? Niliwahi kufanya kazi ya kuomba ridhaa katika utafiti mmoja wa magonjwa ya kifua huku pwani, usio na uhusiano na dawa hii, na swali hilo nililiulizwa kila wiki. Bibi mmoja alikuja na binti yake aliyejifungua mapema. Binti alikuwa amechoka, bibi ndiye aliyekuwa akisikiliza. Nikaeleza yote, makundi, bahati nasibu, kwamba mimi mwenyewe sitajua mjukuu wake kapata kipi.

"Sasa mwanangu, kama mna dawa, si mtupe?"

"Bibi, hatujui kama ni dawa."

"Hata nyinyi hamjui?"

"Hata sisi hatujui. Tungejua, tungewapa wote."

Alinyamaza kidogo, akamtazama binti yake, akasema, "Afadhali umesema." Hawakujiunga, na sikuwalaumu. Lakini bibi yule aliligusa shina la jambo kuliko maandishi mengi ya maadili ya utafiti niliyowahi kusomeshwa. Kundi la sindano tupu lina uhalali pale tu ambapo kutojua ni kwa kweli. Suptavumab ilikuwa na kila dalili ya kufaulu, huko maabara ilikuwa imeshinda, na bado waliosema "tunajua inafanya kazi" wangekuwa wamekosea. Bila lile kundi la 8.1, namba 7.7 ingeonekana nzuri tu. Mtu angesema: tazama, njiti 92 kati ya 100 wamepita salama. Wangepita salama hata kwa maji.

Ndoo inatenganishwa

Baada ya matokeo kufunguliwa, kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kwa kuwa kila mgonjwa alikuwa amechukuliwa sampuli ya pua, virusi vyenyewe vilikuwepo. Wakavitenganisha, A huku, B kule.

Upande wa A, dawa ilikuwa imefanya kazi. Kwa waliopata dozi moja, hatari ya kuugua RSV A ilikuwa 0.38 ya ile ya kundi la sindano tupu. Kwa dozi mbili 0.39. Maana yake wagonjwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Upande wa B mambo yaligeuka: 1.36 kwa dozi moja, 1.69 kwa dozi mbili. Wagonjwa wa B walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopata dawa. Ukivirudisha vyote kwenye ndoo moja, unapata uvuguvugu.

Kisha wakasoma jeni za virusi hivyo. Protini F ni mnyororo wa asidi amino 574. Katika B iliyokuwa ikizunguka wakati huo, viungo viwili vya mnyororo vilikuwa vimebadilika: namba 172, palipokuwa na leusini pakawa na glutamini, na namba 173, palipokuwa na serini pakawa na leusini. Herufi mbili kati ya 574. Lakini zilikuwa mahali hasa suptavumab inapotia vidole. Kwa Kiswahili tunajua herufi moja inaweza kufanya nini. Badilisha herufi moja tu ya baba, upate bata. Dawa ilipojaribiwa tena maabara dhidi ya B hiyo mpya, haikuizuia.

Sasa, kuna namna mbili za kusimulia jambo hili, na moja ni ya uongo. Ya uongo ni ile inayosema kirusi "kiliizoea dawa", kama tunavyosikia kuhusu vijidudu na antibayotiki. Suptavumab ilikuwa haijauzwa popote. Watoto mia chache waliochomwa katika jaribio hawawezi kuigeuza RSV ya dunia nzima. B ilikuwa imebadilika yenyewe, kwa sababu zake, na ikaenea kabla dawa haijakutana nayo. Jahazi lilitengenezwa kwa ramani ya bandari, na mchanga ukahama wakati mafundi wangali wanapiga misumari. Tofauti hii ina uzito. Dawa ikizoeleka unaweza kuilinda kwa kuitumia kwa uangalifu. Kirusi kikijibadilikia chenyewe, uangalifu wako hausaidii kitu; unachoweza ni kukitazama mara kwa mara.

Msimu ambao ungeweza kutudanganya

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kila nikifikiria kisa hiki. A na B hupokezana. Tuseme jaribio lingeangukia misimu ambayo A imetamba kweli kweli, na B ni wachache. Ile 0.38 ingeitawala ndoo yote. Jaribio lingetangazwa limefaulu, dawa ingepelekwa kwa wadhibiti, ingeidhinishwa, na njiti wangechomwa. Msimu wa B ungefuata, wodi zingejaa, na madaktari wangekuwa wanajiuliza kama sindano zilikaa nje ya friji au wauguzi walikosea dozi. Ingechukua muda gani kugundua? Kwa hiyo mimi siiti hii hasara tupu. Jaribio lilikuta hali halisi ya kirusi ya wakati huo, likasema hapana, na hapana hiyo ilikuwa sahihi.

Lakini nisiende mbali sana kwa upande wa pili pia. Wapo wanaoisoma ile 0.38 na kulia kwamba dawa nzuri ilitupwa. Tuhesabu. Watoto 1154 kwa makundi matatu ni kama 385 kila kundi. Asilimia 8.1 ya hao ni watoto 31 hivi. Jumla ya waliougua katika makundi yote haifiki 100. Ukiwagawa tena kwa A na B, unabaki na vikundi vidogo vidogo, ambako mtoto mmoja au wawili wanahamisha jibu. Kipimo cha takwimu, kinachosema ni kwa kiasi gani bahati tu ingeweza kuleta tofauti kama hiyo, kwa A na dozi moja kilitoka 0.0499, na mpaka wa kawaida ni 0.05. Kwa dozi mbili kikatoka 0.0554, upande wa pili wa mpaka. Mtu anayesema moja "imethibitishwa" na nyingine "haikuthibitishwa" anaabudu mstari aliouchora mwenyewe. Mbili hizo ni kitu kimoja. Ninaamini dawa ilizuia A, lakini imani yangu inatoka zaidi kwenye ulinganifu wa dozi hizo mbili na matokeo ya maabara kuliko kwenye 0.0499.

Na ile 1.69 ya B? Turudi kwenye kovu la 1966. Je, dawa iliuzidisha ugonjwa? Takwimu zenyewe zinasema tofauti hiyo inaweza kabisa kuwa bahati: vipimo vya dozi moja na dozi mbili vyote vilibaki juu ya ule mpaka wa 0.05. Mimi naona pia maelezo mengine yasiyohitaji jini lolote. Mtoto aliyeugua A mwezi wa kwanza anapata kinga ya muda inayomkinga kwa kiasi na B. Mtoto aliyekingwa na dawa asiugue A anabaki mtupu mbele ya B, na B ikipita inamkuta. Hayo ni maelezo yangu, siyaweki mezani kama ushahidi. Ninachosema ni kwamba kati ya bahati, foleni ya virusi, na dawa yenye madhara, hilo la tatu ndilo lenye hoja dhaifu hapa.

Kuna jambo moja ambalo naona wapangaji wangeweza kulifanya, na nalisema nikijua kwamba kuona nyuma ni rahisi. Kabla ya kumchoma mtoto wa kwanza, mtu angechukua sampuli za B za msimu uliopita kutoka nchi zilizopangwa kushiriki, akasoma F yote, akaipima dawa dhidi yake. Gharama yake, ukilinganisha na jaribio la awamu ya tatu, ni nauli ya daladala.

Waliofuata

Wakati suptavumab inaanguka, nyingine ilikuwa njiani: nirsevimab. Nayo hukamata F ikiwa imefumba, ila inashika kileleni kabisa. Halafu ilirekebishwa mkiani ili ikae mwilini muda mrefu. Kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya siku kama 70, wakati palivizumab hupungua hivyo kwa wiki tatu hivi. Sindano moja, msimu mzima. Katika jaribio la njiti 1453 wa wiki ya 29 hadi kabla ya 35, waliougua RSV ya mapafu na kutibiwa walikuwa asilimia 2.6 kwa dawa na 9.5 kwa sindano tupu.

Likafuata jaribio la waliozaliwa karibu na wakati au kwa wakati. Korona ilisimamisha uandikishaji njiani, kwa hiyo matokeo makuu yakatolewa kwa watoto 1490 wa mwanzo: asilimia 1.2 dhidi ya 5.0. Mwandishi wa kwanza wa ripoti hiyo ya 2022 ni Laura Hammitt wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, ambaye kabla ya hapo alifanya utafiti wa chanjo miaka kadhaa Kilifi, pwani ya Kenya. Wakati huohuo mitandao ya kufuatilia RSV ilikuwa imeanza kukusanya virusi kutoka nchi nyingi na kusoma F nzima, A na B, wakipima kila badiliko dhidi ya nirsevimab. Kile kilichokosekana kwa suptavumab sasa kikawa sehemu ya kazi. Ulaya iliidhinisha nirsevimab mwaka 2022, Marekani 2023.

Somo hilohilo lilijirudia kwenye Uviko kwa kasi ya ajabu. Evusheld, mchanganyiko wa kingamwili mbili, ilijaribiwa kwa watu wazima zaidi ya 5,000 na kupunguza ugonjwa kwa asilimia 77. Marekani iliiruhusu kwa dharura Desemba 2021. Januari 2023 ruhusa ikasitishwa, kwa kuwa aina za Omikroni zilizokuwa zikizunguka zilikuwa zimeipita. Hapa dawa ilifaulu jaribio, na kirusi kikahama baadaye. Suptavumab ilipata bahati mbaya ya kukutana na mhamo huo ikiwa bado kwenye mtihani. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ya suptavumab.

Kilifi ninaitaja kwa sababu nyingine pia. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome, mfuko wa Uingereza, pale wamekuwa wakifuatilia RSV hospitalini tangu 2002, na wameandika jinsi A na B zinavyopokezana pwani, jinsi tawi jipya la A lililoonekana Kanada mwaka 2010 lilivyofika Kilifi mwaka 2012, na jinsi mtoto mchanga anavyoletewa kirusi nyumbani, mara nyingi na kaka au dada anayekwenda shule. Sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo ilisoma G, kama kwingineko, kisha wakahamia kusoma jenomu nzima, yaani jeni zote za kirusi. Kwa hiyo ikija siku ambayo sindano hizi zitachomwa kwenye kliniki zetu za mama na mtoto, tutakuwa na kumbukumbu ya kirusi chetu wenyewe ya kulinganishia. Siku hiyo bado. Marekani nirsevimab ilianza kuuzwa kwa takriban dola 495 dozi moja, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake mwaka 2025 liliweka mezani vyote viwili: sindano hii kwa mtoto, au chanjo kwa mama mjamzito ambayo hupeleka kingamwili kupitia kondo. Kwa nchi zetu, mama ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutangulia, kwa sababu ya bei. Lakini chanjo ya mama haimsaidii sana mtoto aliyezaliwa wiki ya 29, kwa sababu ileile ya jahazi na gati. Huyo bado anahitaji sindano.

Katika msimu wa 2023 na 2024 Ufaransa ilichoma nirsevimab kwa watoto wengi sana, na watafiti wakawafuata wale wachache waliougua ingawa walikuwa wamechomwa. Wakasoma virusi vyao. Katika A hawakukuta badiliko lolote lenye kuishinda dawa. Wawili walikutwa na virusi vyenye mabadiliko kileleni mwa F, pale pale nirsevimab inaposhika, na vyote viwili vilikuwa vya aina ya B.